Nusu ya Jina la Bibi

Mara ya kwanza kulisikia neno "Balma" nilidhani ni jina la dawa ya kuchua. Ilikuwa mwaka 2022, hapa Reading tunapoishi. Binti yangu Salma alikuwa sebuleni na mashoga zake watatu wakipanga mambo ya harusi, na kila baada ya maneno mawili ni Balma hivi, Balma vile. Keki ya Balma. Picha za Balma. Nikatoka jikoni na mwiko mkononi nikawauliza: "Huyo Balma ni nani, na mbona mimi simjui?"

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. "Mama, Balma ni sisi," Salma akasema. "Salma na Badar. Wametuunganisha."

Nikamwambia kwetu bibi harusi ana jina lake na bwana harusi ana lake, na kadi ina nafasi ya kuyaandika yote mawili. Akanijibu kama mtu anayemweleza mtoto jambo lililo wazi: "Ni kama Bennifer, mama." Nikarudi jikoni. Bennifer naye simjui.

Kazi yangu ni kulea wazee, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Mkishawalaza, mkishawageuza wa kugeuzwa, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja nyumba nzima ni kimya isipokuwa mashine ya kufulia. Saa hizo ndizo ninazosoma. Usiku ule nikamsoma Bennifer.

Kumbe ni Ben Affleck na Jennifer Lopez, waigizaji wa Marekani ambao hata mimi nawafahamu. Walikutana wakipiga filamu iitwayo Gigli, wakachumbiana Novemba 2002, na magazeti yakawa hayaandiki kitu kingine. Majina mawili kwenye kichwa cha habari yanakula nafasi, ndipo likaja neno moja la kuwabeba wote wawili. Kevin Smith, aliyewaongoza wote wawili katika filamu ya Jersey Girl, amesema yeye ndiye aliyelitunga. Gigli ilipotoka Agosti 2003 ilianguka vibaya sana, harusi iliyopangwa Septemba ikaahirishwa, na Januari 2004 wakaachana. Wenyewe wakaachana, neno likabaki. Ben alipokuja kumuoa mwanamke mwingine, Jennifer Garner, mwaka 2005, watu wakacheka kwamba hata jina la kuwaita hakuna haja ya kutafuta jipya.

Mwaka huo huo wa 2005 ikaja Brangelina, Brad Pitt na Angelina Jolie, na tangu hapo kila wapenzi maarufu wakishikana mikono lazima majina yao yapitishwe kwenye mashine.

Jambo lenyewe si jipya. Mwaka 1920 Mary Pickford alipoolewa na Douglas Fairbanks, nyumba yao kule Beverly Hills iliitwa Pickfair. Baadaye Desi Arnaz na Lucille Ball wakaipa kampuni yao ya televisheni jina la Desilu. Lakini ona tofauti. Pickfair ilikuwa na geti na bustani. Desilu ilikuwa na mikataba na wafanyakazi. Bennifer haikuwa na chochote cha kushika. Walipewa na watu wa nje, bila kuulizwa, na tangu hapo wakawa wanaishi ndani yake kama wapangaji.

Waingereza wana jina la maneno ya namna hii, nalo wamelipata kwa Lewis Carroll. Katika kitabu chake cha 1871, yule Humpty Dumpty anamweleza Alice kwamba maneno mengine ni kama portmanteau, lile begi la safari linalofunguka katikati na kuwa na pande mbili: maana mbili zimefungwa ndani ya neno moja. Nililipenda sana hilo. Sisi tulioondoka nyumbani tunajua begi ni nini. Nilipokuja 1999 begi langu lilikuwa la namna hiyo hiyo, upande mmoja nguo, upande mwingine mchele wa Mama, dagaa, na picha ya Salma akiwa na miaka miwili. Salma mwenyewe nilimwacha Tanga.

Kwenye Kiswahili nanyi wanafunzi mnaijua kazi hii, mwalimu aliita uhulutishaji: chakula cha jioni kikawa chajio, cha mchana kikawa chamcha. (Sijawahi kumsikia mtu mwenye njaa akisema chamcha, lakini kwenye mitihani lipo.) Sheng ya Nairobi nayo, jina lake huelezwa hivyo hivyo, Swahili na English zilizobanwa pamoja.

Kitu kilichonichekesha usiku ule ni pale nilipoyaandika majina kwenye karatasi na kuhesabu. Kwenye Bennifer, Jennifer yuko karibu wote. Kilichobadilika ni J tu, ikawa B. Brangelina vilevile: Angelina mzima, mbele yake wamechomeka herufi mbili za Brad. Mwanamume anatangulia lakini hana mwili. Na Balma? Salma mzima, Badar ametoa B. Asubuhi nikamwonyesha Salma, naye akampigia Badar simu papo hapo kumwambia kwamba katika ndoa hii yeye ni herufi moja.

Nayaeleza haya kwa sababu wakati ule yalikuwa mchezo. Mchezo ukaisha mjukuu wangu alipozaliwa.

Alizaliwa Februari 2024, mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Mama yake Badar, Bi Zuwena, alikuwa amefariki Muscat mwaka mmoja nyuma. Nilikutana naye mara moja tu, kwenye harusi, tukakaa pembeni tukazungumza kutwa. Alikuwa mtoto mdogo wa Unguja wazazi wake walipoondoka mwanzoni mwa 1964. Wakapitia Dubai, na wakaingia Oman baada ya 1970 Sultan Qaboos alipowafungulia mlango watu wao wa Zanzibar. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja ya zamani, kama achari iliyofunikwa vizuri. Badar ni kitinda mimba wake, na hakuwahi kufika kumzika.

Upande wa pili yuko mama yangu mimi, Bi Mwanaisha, yupo Tanga, anatembea kwa fimbo na ulimi wake haujapata kutumia fimbo. Yeye ndiye aliyemlea Salma kwa miaka sita. Miaka sita mimi nilikuwa sauti ndani ya simu ya jirani, Jumapili saa kumi, kadi ya pauni tano inakatika katikati ya salamu. Salma alipokuja huku 2005 akiwa na miaka minane, usiku alikuwa analia akimwita Mama, na hakuwa ananiita mimi.

Salma aliposhika mimba Mama aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia bei ya nazi: "Akiwa mwanamke nitapata somo." Somo, yaani mwenye jina langu. Hakuongeza neno. Kwetu haliongezwi.

Kwa hiyo wale vijana walikuwa na bibi wawili wa kuwaenzi na mtoto mmoja. Zuwena ni marehemu, na Badar alikuwa hata kulitaja jina hilo anashindwa kulimaliza. Mwanaisha ndiye aliyemlea mama wa mtoto. Siku ya saba wakaniita chumbani, mtoto amelala kifuani kwa baba yake, wakaniambia wamepata jina. Zunaisha.

"Zu ya Mama Zuwena, naisha ya Bibi Mwanaisha," Salma akasema. Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Hakuna aliyekosa."

Nikasema ni zuri. Na kwa kweli masikioni lilikuwa zuri. Kisha akasema: "Utamwambia Bibi wewe. Wewe ndiye unayejua kumwambia." Nikasema nitamwambia.

Sikumwambia. Hapa ndipo lawama yangu ilipo na sitaki kuizungusha. Hapa Uingereza mzazi ana siku 42 za kumwandikisha mtoto. Akika tulikuwa tumeiahirisha mpaka tutakapokwenda nyumbani, kwa hiyo hakuna kilichonilazimisha kusema. Kila Jumapili Mama aliuliza, "Mtoto ameitwa nani?" na kila Jumapili nilijibu, "Bado wanafikiri, mama." Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Niliwageuza wazee wa watu usiku kucha na kuwaambia habari za wana wao kwa upole, na mama yangu mwenyewe nikashindwa kumwambia neno moja la silabi nne. Nilikuwa naogopa nini? Nadhani nilijua atasikia kile nilichokisikia mimi chini ya lile jina: kwamba miaka sita yake imekatwa.

Siku ya 41 wakaenda kumwandikisha. Jioni nikapiga.

"Shikamoo mama. Mtoto ameshaandikishwa. Anaitwa Zunaisha."

Mtandao ulikuwa mbaya. "Zinaisha?" akasema. "Dakika zako zinaisha? Basi sema upesi, mtoto anaitwa nani?"

"Si dakika, mama. Jina. Zu-na-i-sha. Ni la marehemu Bi Zuwena na lako, yameunganishwa."

Kimya. Nikamsikia kuku nyuma yake na mtu anatwanga.

"Nusu," akasema. Halafu, baada ya muda: "Haya. Mungu amkuze." Akakata yeye.

Kwa wiki tatu simu yake ilikuwa inapokelewa na mtoto wa dada yangu. Bibi amelala. Bibi yuko msibani. Bibi anaswali. Mama yangu ni mcha Mungu lakini si kwa kiasi hicho.

Siku zile nikawa nalitazama lile jina kama nilivyolitazama Bennifer, kwa karatasi na kalamu, nikitafuta hoja ya kumpelekea. Na hoja ilikuwapo. Zunaisha ina silabi nne, tatu ni za Mama. Zuwena ametoa Zu tu. Tena Kiswahili chetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: mwa-na-I-sha, zu-na-I-sha. Sauti inapanda pale pale. Kwa lugha kama yetu, mwenye mkia wa jina ndiye mwenye jina. Mwenye kichwa anasikika mwanzo kisha anameza mate. Badar naye angekuwa na haki ya kununa. Lakini baba yake, kule Muscat, alipoambiwa alinyamaza kidogo kisha akasema kwamba nyumbani, miaka yote ya ndoa yao, mkewe alimwita Zu. Silabi moja ilimtosha mzee yule. Nami mama yangu mwenye silabi tatu kati ya nne alikuwa amesikia "nusu".

Nikafikiri pia habari ya nchi yenyewe, maana sisi tumezaliwa ndani ya jina la kuunganisha na hatulioni tena. Muungano ulikuwa tarehe 26 Aprili 1964, lakini nchi haikupata jina siku hiyo. Kwa miezi sita iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, majina yote mawili mazima na "na" katikati yake, mpaka Oktoba 29 likaja Tanzania. Tan ya huku, zan ya kule. Na ile "ia" ya mwisho? Mohammed Iqbal Dar, aliyekulia Tanzania na kuhamia hapa Uingereza, Birmingham, alisimulia mara nyingi kwamba ni yeye kijana aliyeshinda shindano la kutafuta jina, na kwamba "i" aliichukua kwenye Iqbal na "a" kwenye Ahmadiyya, dhehebu lake. Lisome sasa kwa Kiswahili: Tan-za-NI-a. Mkazo haukwenda Tanganyika wala haukwenda Zanzibar. Bi Zuwena aliondoka Unguja kabla jina hilo halijatungwa, na kwenye harusi alinichekesha aliponiambia kwamba yeye Tanzania hajawahi kuishi hata siku moja.

Hoja hizi zote nilizikusanya na hata moja sikumpelekea Mama. Salma ndiye aliyefanya lililopasa kufanywa. Alimpigia binamu yake, akamwambia, "Mpe Bibi simu, usimuulize kama anataka," na akazungumza na bibi yake saa nzima, mlango umefungwa. Alipotoka macho mekundu nikamuuliza amesemaje.

"Amesema hakununa kwa sababu ya nusu," Salma akajibu. "Amenuna kwa sababu aliambiwa jina likiwa limeshagongwa muhuri. Ameniuliza, mama yako alikuwa na siku arobaini na moja, alikuwa anafanya nini? Nami nikashindwa kumjibu, maana nilidhani anajua tangu siku ya saba."

Hakusema zaidi. Aliingia kumnyonyesha mtoto na mimi nikajiandaa kwenda zamu.

Desemba tukaenda Tanga, wote wanne. Mama alimpokea mtoto barazani, akamkagua masikio na vidole kama mtu anayepokea mzigo wa watu, akamweka pajani na hakumrudisha mpaka magharibi. Mimi hakunisemesha jambo lile, na mimi nikajua ni lazima nianze. Usiku wa pili, tumekaa mkekani, nikamwambia: "Mama, lile la jina, kosa ni langu. Watoto walinituma mapema."

"Najua," akasema. "Wewe tangu utoto, habari nzito unaibeba mpaka inaoza."

Halafu akaanza kucheka. "Mnadhani mimi jina langu ni moja? Mwana ni heshima ya wanawake, Aisha ni bibi yake baba yangu. Mwana Aisha. Yakabanwa, 'a' moja ikafia katikati, ikawa Mwanaisha. Mwanaidi, Mwanahamisi, Mwanajuma, wote hao ni wa kubandikwa. Hiyo mnayoleta kutoka Ulaya tunayo hapa tangu zamani." Akamtazama Badar, aliyekuwa amekaa kwa adabu kama mkwe anavyokaa. "Ila baba yangu alikwenda kwanza kumuuliza mwenye jina. Alikwenda kwa miguu."

Nikaona ni wakati wa Salma kusema lililomleta. Kwa sheria ya Uingereza jina la kwanza la mtoto linaweza kubadilishwa mara moja ndani ya miezi 12 tangu kuandikishwa, na fomu alikuwa nayo kwenye begi. "Bibi," akasema, "ukitaka tunaliandika Mwanaisha lote. Badar ameridhia."

Badar alikuwa anatazama mkeka. Mama alimwona. Mimi pia nilimwona.

"Mama yake anafanywaje?" Mama akauliza. "Anafutwa?"

Hakuna aliyejibu.

"Mimi nina mdomo, naweza kudai changu. Nimeshadai, mmenisikia. Yule hana mdomo. Zu ni yake, hawezi kuja kuichukua wala kuipigania. Iacheni hapo ilipo." Akamrekebisha mtoto pajani. "Na huyu mwenyewe akikua asipolipenda atajiita anavyotaka, kama mama yake alivyojiita dawa ya kuchua."

Nilimtazama Salma. Kumbe ile hadithi ya Balma alikuwa ameshamsimulia bibi yake siku nyingi.

Wale Bennifer wenyewe, nikikumbuka kuwamalizia: walirudiana 2021, wakaoana Las Vegas Julai 2022, na aliposhika kalamu kuwatangazia watu, bibi harusi alijiandika Jennifer Lynn Affleck, kwa mtindo wa kizamani, jina la mume mwisho. Agosti 2024 akafungua kesi ya talaka. Magazeti hayakusita hata siku moja: Bennifer hii, Bennifer ile.

Wakati naandika haya fomu bado iko kwenye droo ya Salma, haijajazwa, na imebaki chini ya miezi miwili. Sijauliza. Mtoto ameanza kusimama kwa kushika kochi. Sisi nyumbani tunamwita Zu, na baba yake sasa anaweza kulitamka bila kukatika.

Mama hamwiti Zu. Jumapili iliyopita mtandao ulikuwa safi, namsikia kama yuko chumba cha pili. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza kazi, akauliza baridi, kisha akasema: "Zinaisha hajambo?"

"Zunaisha, mama."

"Nimesema vizuri, Zinaisha. Mwambie somo wake anamsalimu. Na nyie mnakuja lini tena? Siku zinaisha."